Presha Imeshuka Tena

Jumatatu, 15 Januari

Geji ya presha kwenye boila ya kupasha nyumba inasoma nusu. Asubuhi nilijaza maji mpaka ikasoma moja na nusu, nikanywa chai, nikarudi — nusu! Boila ikajizima. Nikafungulia maji tena, nikabonyeza kitufe, ikakohoa, ikawaka. Mara ya nne leo. Nje theluji, na rejeta ya ukutani haipashi hata soksi.

Boila mpya inafungwa Jumanne ya wiki ijayo. Mke wangu Moira anatoka hospitali Ijumaa hii. Hapo ndipo penye kazi.

Muuguzi wa wodi kapiga simu. Mapafu ya Moira bado dhaifu, nyumba isipungue nyuzi ishirini, la sivyo watampeleka makao ya wazee kwa muda. Nikamjibu, dada, unaongea na fundi wa joto wa miaka arobaini na moja! Akacheka. Sikumwambia kipimajoto cha sebuleni kinasema kumi na nne.

Jumanne, 16 Januari

Mara sita.

Janine kapiga simu kutoka Leeds. Binti yangu huyu! Kumbe fundi aliyemkodi kufunga boila mpya ni Craig Tulip. Craig, niliyemfundisha kazi mwenyewe! Wala Janine hakuniuliza.

"Baba, mpigie aje aangalie leo."

"Aangalie nini? Boila imezeeka, basi."

"Mganga hajigangi, baba."

Nikakata simu. Kisha nikaenda kujaza maji.

Jumatano, 17 Januari

Nimekula maharage na mkate nimevaa kofia na koti, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mchana nilikwenda kumwona Moira. Kakonda. Kauliza kama nyumba ina joto. Nikasema ni tanuri, utalala na fulana tu. Akanishika mkono. "Mbona wa baridi hivyo, Gordon?" Nikasema nimetoka nje sasa hivi.

Kisha akasema wasimpeleke kule makao. Mama yake aliingia kwa wiki mbili, akatoka akiwa ndani ya jeneza. Nikamwahidi. Nimeahidi kwa mdomo mpana, na geji hii hapa inasoma robo.

Alhamisi, 18 Januari

Zulia la chini ya dirisha lina unyevu. Nilidhani ni theluji ya viatu vyangu. Lakini mimi sipiti dirishani! Nikalikunja, nikang'oa ubao mmoja wa sakafu, nikaingiza tochi. Maji yanadondoka kwenye kiwiko cha shaba, pale bomba linapokata kona. Nikapangusa. Nikavaa miwani, nikapangusa tena.

Hakina lehemu.

Hakikuwahi kulehemiwa! Dawa ya kulehemia niliipaka, bado ipo, imekauka kijani ukingoni. Moto sikuutia. Nilisahau. Kimeshikiliwa na dawa na kudura ya Mungu, miaka thelathini. Na hakuna wa kumsingizia. Mabomba ya nyumba hii nilifunga peke yangu, Pasaka ya 1993, sikutaka mtu aguse. Boila nimeitukana bure wiki nzima.

Nilicheka. Kisha nikakumbuka, kicheko kikakatika.

Mwaka 1995 Craig alisahau kiwiko kama hiki kwa mteja, Durham mjini. Dari likaanguka juu ya meza ya chakula. Nikachukua kile kiwiko, nikapitisha uzi, nikamvisha shingoni. Wiki nzima! Akipanda ngazi, kiko shingoni. Akienda kutununulia mikate ya nyama, kiko shingoni. Mafundi wote wakamwita Bwana Kiwiko. Nilijiona mwalimu hodari. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akamaliza mafunzo yake, akaondoka bila kuaga. Na wakati wote ule changu kilikuwa kimelala hapa, chini ya kiti ninachokalia kusoma gazeti.

Nimeona haya. Sina neno jingine.

Nikamwaga maji yote ya mabomba ili nikilehemu mwenyewe. Mkono huu unatetemeka tangu mwaka juzi. Nimeunguza boriti, kiwiko hata hakijapata moto. Nikazima kabla sijachoma nyumba. Kuna vile viungo vipya vya kusukumia bomba ndani tu, havitaki moto, lakini lazima ukate bomba, nalo limebanana na boriti — linataka mkono uliotulia.

Sasa hata lile joto la kuombaomba halipo. Nyuzi tisa.

Ijumaa, 19 Januari

Saa mbili. Muuguzi kasema gari la wagonjwa litafika saa tano. "Nyumba tayari, babu?" Nikasema inashughulikiwa. Kasema wahudumu watapima joto la nyumba kabla ya kumshusha.

Nimempigia Craig.

"Gordon Peart hapa."

"Bosi. Imekufa?"

"Si boila. Kuna kiungo kinavuja, chini ya sakafu."

"Nani alikifunga?"

"Njoo utaona."

Saa tatu. Kukivuta kile kiwiko ni sekunde mbili. Nakivuta, nakitupa kwenye pipa la taka, namwambia Craig kimepasuka. Nani atajua? Nimepiga magoti mara mbili. Mara ya pili nilikishika kabisa.

Nimekiacha. Nimekipangusa tu, nikaweka taa karibu.

Saa tatu na nusu. Amefika. Ana mvi! Amekung'uta theluji, amenipa mkono. Nikamwonyesha sebule, nikakimbilia jikoni ati nachemsha chai. Naandika nimesimama. Najua amekwisha kukiona. Dakika tano yuko kifudifudi, simsikii kuwasha moto. Simsikii hata kucheka. Afadhali angecheka!

Ameita.

"Bosi."

Sauti haina hasira. Haina utani pia.

"Njoo unishikie tochi."

Ndiyo kazi niliyompa yeye, mwaka mzima wa kwanza, na alipoitikisa kidogo nilimfokea. Mkono umeanza. Naenda hivyo hivyo.