Dripu ya Sukari Uliyotundikiwa

Baba,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimefagia uwanja ambao ulikuwa msafi. Lusajo wako, kaka yangu, yuko Dar es Salaam, wodi ya moyo kama wewe, na kesho wanampasua kwa dharura waipe damu njia mpya pembeni ya mishipa iliyoziba. Kisu amekikubali. Dripu ya sukari ndiyo alikuwa ameikataa.

Alisema ndiyo iliyokuondoa. Mama naye akamuunga mkono kwenye simu: mwenye kisukari kama baba yenu unamtundikiaje sukari? Tangu tukuzike hapa Igogwe, kando ya migomba yako, maneno ni hayo hayo, na nimechoka kubishana.

Lakini aliyekuuguza ulipopasuliwa ni mimi. Daktari alinieleza kwamba moyo ukishashonwa unabaki umechoka na una njaa. Wanaupa sukari, na insulini ya kuiingiza hiyo sukari ndani, na potasiamu ili mapigo yasiende ovyo, huku wanakutoboa kidole kila mara kupima. Sikuelewa vizuri. Wewe ulielewa. Ulinishika mkono, ukasema kwa sauti iliyokauka, "Moyo umelima tangu asubuhi, mwanangu. Acha ule."

Halafu ukauliza kama ndizi zimefika sokoni. Hata pale, Baba! Ulikaa na maumivu ya kifua nyumbani mpaka mkungu wa mwisho ukapakiwa kwenye gari, ndipo ukakubali kupelekwa hospitali. Moyo ulikuwa umeshaharibika. Hicho ndicho kilichokuondoa, na bado nimekukasirikia.

Leo nilimpigia Lusajo. Sikumtajia potasiamu. Nilimpa maneno yako tu, kama ulivyoyasema. Akaniuliza kama kweli Baba alisema acha ule. Nikamwambia kweli. Akasema basi, watundike.

Sasa mimi ndiye situlii. Daktari hakuniapia chochote. Alisema dripu hiyo huwasaidia baadhi, wengine haiwasaidii. Mambo yakienda vibaya, Mama atasema nimemuua kaka yangu kwa maneno ya marehemu. Naogopa, Baba. Naogopa sana.

Pumzika. Ndaga fijo, asante sana, kwa yote uliyotulimia. Lusajo akirudi hashiki panga, na kifua kikimbana tena anakwenda hospitali bila kuaga hata mgomba mmoja. Ndizi zako zioze shambani, zioze zote. Hilo nakuahidi.

Mwanao,
Tumpe