Shofo na Ndoo ya Tatu

Siku ya posho, Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, ile ya Goma isiyo na haraka, na baridi inashuka kutoka mulimani mpaka ndani ya soksi. Watoto wamelala tena baada ya chai. Mimi niko mezani na telefone yangu, macho yamevimba kwa kulia na mudomo umechoka kwa kugombana. Ndani ya siku mbili nimegombana na watu wawili ninaowapenda kuliko wote.

Chanzo ni shofo.

Kwa asiyeijua: shofo ni kisanduku kinachofungwa ukutani, hakina tanki. Maji yanaingia ya baridi upande huu, yanapita kwenye moto, yanatoka ya moto upande ule, na unaoga palepale. Bwana yangu, Papa Neema, aliona moja kwa muteja aliyemutengenezea kabati. Wiki iliyopita akarudi kutoka atelie yake ya mbao kule Murara, akavua viatu, akasema: "Nataka tuweke shofo." Nikamuuliza kwa nini. "Tu." Papa Neema ni seremala. Mbao anaongea nazo siku nzima, watu anawapa neno moja moja.

Nisidanganye, nilifurahi. Nimeshajiona nikisimama chini ya maji ya moto bila kuinama kwenye beseni, bila kukimbizana na ndoo kabla haijapoa. Nilishawaambia hata walimu wenzangu ku masomo, na mumoja akaniita "mama muzungu" wiki nzima.

Sasa nieleze habari ya mama yangu, kwa sababu bila yeye hakuna shida.

Mama alifika hapa kwetu, mutaa wa Mapendo, miaka miwili iliyopita. Alitoka Bunagana, kule mupakani, vita ilipoingia tena. Alipita kambini, akakaa miezi kwenye matope, mpaka nikamupata. Alikuja na vitu vitatu: furushi la nguo, sufuria kubwa nyeusi, na turubai nyeupe ya kambi. Turubai ile hajakubali kuitupa. Amekimbia mara tatu katika maisha yake, na kila mara alijuta kitu alichoacha.

Kufika kulikuwa rahisi, kukaa ndiyo kazi. Kwetu mama hakai kwa mukwe, yaani kwa bwana ya binti yake. Ni haya kubwa. Hawali meza moja, hawashikani mikono, hawaangaliani machoni, na pahali ambapo mukwe anavua nguo, mama mukwe hapakanyagi. Na kwao Papa Neema, Butembo, ni vilevile, labda kuzidi. Basi mama alikataa chumba cha ndani, akachukua kile cha uani tulichokuwa tunaweka makala, yaani makaa ya kupikia. Pahali pa kuoga akajizungushia turubai yake nyuma ya jiko. Na bwana yangu naye akabadilisha njia. Akimuona mama uani anazunguka nyumba nzima, anaruka ruka kwenye mawe ya volkano, mutu mukubwa, kama mwizi kwake mwenyewe. Wakitaka kusemeshana wananipitia mimi. "Umuambie Papa Neema mbao zake zinaloa." Na Papa Neema huyo amesimama pale, mita mbili! "Umuambie mama asante." Naapa, siku nyingine natamani kuwaomba mushahara.

Lakini kuna kitu kimoja wanachosemeshana bila mimi.

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya misa ya kwanza, mama anawasha makala kwenye mbabula, lile jiko dogo la bati, anateleka sufuria nyeusi. Maji yakichemka anachanganya, anajaza ndoo, anaiweka mbele ya mulango wa dushi, pale tunapooga ndani, anakohoa mara moja, anaondoka. Papa Neema anakuwa amesimama ndani, taulo begani, anangoja kile kikohozi. Akikisikia anahesabu kidogo, anafungua, anachukua ndoo. Halafu inakuja ndoo ya pili, yangu na watoto. Miaka miwili mama hajakosa. Ile wiki mabomu yalisikika mpaka hapa na sisi tumelala chini ya meza, asubuhi ndoo ilikuwa mulangoni na kikohozi kilikuwepo.

Juzi fundi wa maji akaja kupima. Ni fundi muzuri, lakini sauti yake ni ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Shofo ya umeme alisema tusahau, inakula sana, na waya zikikatwa huko kwenye mapigano muji muzima unakaa giza. Ya gazi, ndiyo. Ile inataka chupa ya gazi, pipa la maji lililopandishwa juu ili maji yashuke na nguvu, na pahali penye hewa, kwa sababu gazi kwenye chumba kilichofungwa inaua mutu. Halafu akamuona mama anachambua maharagwe, akamuchekea: "Mama, sasa unapumzika! Hakuna mutu atachemsha tena maji mu hii nyumba!"

Mama akasema, "Asante, papa." Akaendelea na maharagwe yake.

Sikuona kitu. Mimi, binti aliyemuzaa, sikuona kitu.

Jana nikarudi kutoka masomo nikakuta ile sufuria imesuguliwa kwa majivu na muchanga mpaka inang'aa, imepinduliwa ukutani. Tangu utoto wangu sijawahi kuiona na rangi nyingine isipokuwa nyeusi. Nikaingia chumbani mwake. Furushi lilikuwa limefungwa.

"Mama, unaenda wapi?"

"Narudi Bunagana. Shamba liko kule."

"Mama, vita iko kule!"

"Vita naijua," akasema. "Kukaa bure kwa mukwe yangu ndiyo sijui."

Nilimupigia kelele. Nilimukumbusha jirani yake wa kambini, aliyerudi kuangalia mihogo yake tu, siku mbili tu, na mpaka leo hakuna anayejua alipo. Mama alinipangusa machozi na kitenge chake, taratibu, kama nina miaka mitano, akaniambia kuna lori Jumatatu. Ndivyo alivyo. Machozi anapangusa, furushi hafungui.

Leo asubuhi kikohozi hakikusikika. Papa Neema alisimama dushini akingoja, akingoja, mpaka akatoka na taulo yake begani. Uso wake sijawahi kuuona vile. "Mama ni mugonjwa?"

Hapo nikalipuka. Mudomo wangu hauna breki, kila mutu Mapendo anajua. Nikamuambia ni yeye na shofo yake wanaomufukuza mama yangu. Nikamuambia mama akipata risasi huko, ni juu ya mutu aliyetaka kuoga kama tajiri. Nilisema hivyo. Naiandika hapa ili niione vizuri na kuona haya.

Yeye akakaa kwenye kitanda.

"Ile sufuria inatoa ndoo ngapi?"

"Mbili. Unajua."

"Moja yangu. Moja yenu," akasema. "Ya mama iko wapi?"

Miaka miwili ninaoga maji ya moto ya mama yangu, na sijawahi kujiuliza yeye anaoga nini. Seremala anapima kila kitu, alikuwa amepima hata hilo. Na kikohozi, akasema, kimebadilika. Zamani alikuwa anakohoa mara moja, kumuita. Siku hizi anakohoa ile moja, halafu anaenda na nyingine mpaka jikoni. Ni moshi wa makala, na ni maji ya baridi nyuma ya turubai kwenye baridi hii yetu. Yeye alisikia. Mimi niliyelala kwenye tumbo la yule mama sikusikia.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nitasema nini? Nitataja kuoga kwa mama mukwe?" Na masikio yake yakawa mekundu, mutu wa miaka arobaini.

Ndiyo sababu ya lile "tu" lake. Alifikiri shofo ikiwekwa ndani, mama atapumzika na makala, na sisi tukishatoka, yeye mu kazi na mimi ku masomo, ataingia pole pole kuoga maji ya moto, na hakuna mutu atakayelazimika kusema neno.

"Papa Neema," nikamuambia, "mama yangu hawezi kuingia dushi unayooga wewe. Hata nyumba ikiwaka."

Akafikiri. "Kweli," akasema, na akashika kichwa.

"Basi shofo hiyo ingekuwa yako wewe tu."

Na hapo bwana yangu, ambaye nimelala naye miaka kumi na moja, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Maji ya moto hayapendi. Hajawahi kuyapenda. Kwao Butembo alizoea ya baridi tangu utoto, ya moto yanamutoa jasho mpaka anafika atelie shati limelowa. Lakini mama mukwe ameamka kukuchemshia, utarudisha ndoo? Kwa hiyo miaka miwili, kila asubuhi, ameoga jasho lake kwa heshima. Na mama miaka miwili ameoga baridi yake kwa heshima. Katikati nimekaa mimi peke yangu nikistarehe, na nusura tununue mashine ya kumuchemshia maji mutu mumoja katika nyumba hii asiyeyataka.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikalia upya, na yeye akacheka bila sauti, mabega tu. Yo! Wanadamu hawa wangu.

Tumeamua. Shofo tutaweka, ya gazi, ila si ndani. Papa Neema atajenga dushi ya mbao uani, imegusana na chumba cha mama, na pipa juu yake, na kisanduku kwenye ukuta wa nje penye hewa, vile fundi alivyosema. Itakuwa ya mama na watoto. Mimi nitaomba ruhusa. Ndoo ya Papa Neema inabaki ndoo, na inabaki ya moto. Nilimuuliza kama ameelewa kwamba sasa hakuna njia ya kutokea, ataoga ya moto mpaka uzee. "Sawa," akasema. Neno moja. Sijawahi kumupenda kama pale.

Halafu, akiwa anatoka kutafuta mbao, akarudi mulangoni akaongeza: "Umuambie mama, bila kile kikohozi sijui kama kumekucha." Kwake hiyo ni hotuba nzima.

Nikaenda uani. Sikumutajia mama ndoo ya tatu, ile yake ambayo haijawahi kuwepo. Kuna mambo ambayo mukwe akiyajua, ni vizuri mama mukwe asijue kwamba anayajua. Nilimuambia tu dushi ya nje, watoto, yeye. Akasikiliza, mukono juu ya furushi.

"Na mukwe yangu ataoga nini?"

"Maji yako, mama. Shofo haiingii ndani. Anasema bila kikohozi chako hajui kama kumekucha."

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Aliniangalia sana, kutafuta kama ninamudanganya. Anajua ninavyoweza kudanganya. Halafu akaangalia miguu yake, na nikaona anajaribu kuficha meno. Akaniomba pasi, anataka kunyoosha kitenge cha misa ya kesho. Kile kitenge kilikuwa chini kabisa ya furushi. Ilibidi afungue yote.

Sasa hivi, ninavyoandika, misumari inasikika uani. Papa Neema amesimamisha kuta tatu na mbao nyingine ziko chini, mvua inazipiga. Nilimuona mama kwa dirisha. Alisimama kwenye mulango wa chumba chake akiangalia zile mbao, si mutu. Kisha akaenda nyuma ya jiko. Akarudi na turubai. Ile nyeupe, ile ya kambi. Ameifungua kamba zote, ameipangusa, ameikunja vizuri. Akaja nayo kwangu, mezani hapa, maji yanamutiririka kichwani.

"Umupe mukwe yangu," akasema. "Afunike mbao zake."

"Mama, na wewe? Ukiihitaji?"

"Ataniwekea ukuta," akasema. Na akaenda kuteleka maharagwe kwenye sufuria yake inayong'aa, kuianzisha tena kuwa nyeusi.

Nimeipeleka turubai. Papa Neema aliipokea kwa mikono miwili, akageuka kuelekea jikoni, akainamisha kichwa kidogo. Mama hakumuona, au hakutaka kuonekana akiona. Kazi ya kupeleka ujumbe ni yangu lakini huo sikuupeleka, niliona umeshafika.

Gazi itakuja wiki ijayo kama barabara iko wazi. Isipokuja, itakuja nyingine. Vita bado iko pale ilipo, na sina la kuifanya leo.

Ila kesho asubuhi ninajua nitakalofanya. Nitaamka kabla ya mama. Nitawasha mbabula mwenyewe, na moshi uniingie mimi machoni. Ndoo ya kwanza nitaibeba mpaka kwenye mulango wa mama, nitaiweka chini, nitakohoa mara moja, na nitaondoka.