Dume Alivyoanguka Kigwe

Jumamosi, 3 Septemba 1994

Nimerudi kutoka Ipagala, kwa Chilewa, sasa hivi. Mikono inanuka petroli, nimenawa mara tatu. Leo tumesafisha kabureta za Dume, zote mbili. Chilewa anafungua, Shabani anapuliza vitundu kwa mdomo, mimi naosha vipande kwenye beseni na kuvipanga juu ya gazeti kama vifaa vya kuzalishia.

Dume ni pikipiki ya Chilewa. Kubwa, ya safari ndefu, ina kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni. Aliachiwa na mpima ramani mmoja mgeni aliyekuja hapa wakati wa mipango ya kuhamishia makao makuu ya serikali hapa. Sisi wengine tuna vipikipiki vidogo tu. Lakini Dume tunamtengeneza wote.

Tumetoka mbali. Chilewa alikuwa bwana mifugo. Shabani, mtu wa Kondoa, alisambaza barua za serikali vijijini. Mimi, muuguzi na mkunga, nilichanja watoto. Tulikutana kwenye vumbi miaka ya sabini, kila mmoja na pikipiki ya ofisi, na ni pancha yangu iliyotukutanisha. Walinicheka kwanza, mwanamke kavaa suruali chini ya kanga, kisha wakaniazima pampu. Sasa wao wamepunguzwa kazini, mimi nimestaafu. Zimebaki Jumamosi.

Beringi za gurudumu la nyuma zinalia. Shabani anataka tukatafute kwenye vyuma chakavu. Chilewa anasema madukani zipo siku hizi, kwa nini tuteseke. Kweli zipo. Kuna mwaka vipuri havikupatikana, tukakata gasketi ya kuzuia mafuta kutoka kwenye kalenda ya ukutani, mwezi wa Julai wote ukaishia ndani ya injini. Mama Neema, mke wa Chilewa, aliuliza leo tarehe ngapi, Shabani akamwambia kaulize Dume. Nimekumbuka hilo jikoni, nikacheka peke yangu.

Jumamosi, 10 Septemba

Beringi mpya zimeingia. Tumezinunua kwa Deo, yule mwenye kibanda cha vipuri sokoni. Umri wake kama thelathini. Ana kila kitu, tena kimepangwa. Shabani alizigeuzageuza mkononi kama anakagua mayai. "Vitu vya siku hizi," akasema. "Vinang'aa tu."

Kufunga gurudumu nilipewa mimi. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi, hata mahali hakuna jiwe la kuwekea spana. Nilikuwa nimekaza nati ya ekseli. Ikabaki kotapini, ule waya mnene unaopita kwenye tundu ili nati isijifungue njiani. Hapo Mama Neema akaja mbio. Binti wa jirani ana uchungu, kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Nikaacha kila kitu.

Mtoto wa kike. Alilia mwenyewe. Mama yake anasema ataitwa Perpetua, kama mimi. Nilirudi uani nikiwa mwepesi kama msichana. Dume ameshateremshwa kwenye stendi, Chilewa anapangusa tangi, chai iko tayari.

Kesho safari ya Bahi, baada ya ibada ya kwanza.

Jumapili, 11 Septemba

Chilewa ameanguka. Njia ya kurudi, tumeshaipita stesheni ya Kigwe. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona gurudumu la nyuma likiyumba, nikapiga honi, hakusikia. Cheni ikaruka, gurudumu likakwama, Dume akalala na kumburuta hadi kwenye mchanga wa korongo.

Mguu wa kulia, muundi umevunjika mahali pawili. Mfupa nimeuona. Nilimfunga kwa mbao za kreti ya soda na kanga yangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sista, Dume yuko salama?" Lori la chumvi likatuchukua, yeye, mimi, Dume na pikipiki yangu. Shabani akatufuata na pikipiki yake akilia.

Yuko wodini. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimefua aproni ya Jumamosi. Mfukoni kuna kotapini.

Niliiweka hapo ili isipotee. Nikaitwa. Nikaenda. Niliporudi sikuiweka wala sikuuliza.

Ni mimi.

Jumatano, 14 Septemba

Shabani amekuja nyumbani kwangu Area D, hakutaka hata kukaa. Anasema beringi zimepasuka. Hakulifungua gurudumu, ameona tu kitovu kilivyochubuka na ekseli ilivyochomoka, yakamtosha. Nati haikuonekana, iko mchangani huko. Ametoka sokoni kumfokea Deo mbele ya wateja. Amemwita mwuaji.

Nilimsikiliza. Nikampikia chai. Nilisema "pole, kaka." Hayo tu ndiyo niliyosema.

Kotapini iko kwenye kikombe juu ya kabati. Nikipita hapo nageuza uso.

Jumamosi, 17 Septemba

Ni Jumamosi ya kwanza bila spana. Nimekwenda hospitali. Chilewa amefungwa mguu, umevutwa juu kwa kamba na jiwe la uzito. Ananisimulia habari za zamani kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Mwaka ule wa mafuriko Bahi, wavuvi walipombeba Dume begani kupita kwenye matete, watu sita, wanaimba, na yeye nyuma amejitwisha sanduku langu la chanjo kichwani. Barafu ilikuwa inayeyuka na kumwagikia shingoni. Alikataa kupumzika hata kidogo. Watoto wote wa ng'ambo walichanjwa siku ile.

Nilitaka kusema. Muuguzi akaja na dawa.

Nilipotoka nikamkuta Deo mlangoni na machungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Shikamoo mama. Naogopa kuingia. Mzee atanipokea?" Nikamwambia aingie. Alinishukuru. Amenishukuru mimi!

Jumanne, 20 Septemba

Nimepita sokoni makusudi. Kibanda cha Deo kiko wazi, hakuna mtu. Vijana wa pikipiki wanavuka upande wa pili wakikifikia. Mmoja alisema kwa sauti kubwa, hapa huuzwa majeneza. Deo alikuwa anapangusa rafu zisizo na vumbi.

Shabani ameipelekea kamati ya soko malalamiko. Wanakutana Jumatatu. Anataka Deo anyang'anywe kibanda. Ameniomba niwe shahidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeona gurudumu likiyumba. Nimekubali. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Namfahamu Shabani. Si mtu mbaya. Tangu wampunguze kazini amekuwa akitafuta wa kumlaumu, na leo amempata.

Jumamosi, 24 Septemba

Hospitali. Daktari kasema mguu utapona lakini utakuwa mfupi, na goti halitakunjika vizuri. Pikipiki basi. Aliyasema hayo mimi nikiwepo. Chilewa akaitikia kama anaambiwa bei ya mahindi. Daktari alipoondoka akajifunika shuka usoni.

Sikusema. Ningemwambiaje leo? Nimejidanganya kwamba namwonea huruma. Najionea mwenyewe. Nimezalisha wanawake wasio na hesabu, na siku zote nilijisifu kwamba mikono yangu haisahau. Sitaki kuwa mtu mwingine. Ni hilo tu, hakuna jingine.

Jumapili, 25 Septemba

Nimemwambia.

Nilifika kabla ya saa ya kuona wagonjwa, muuguzi wa zamu nilimfundisha mimi. Niliitoa kotapini nikaiweka kwenye shuka. Niliogopa nikianza na maneno nitayapamba.

Akaitazama sana. "Hii ni ya Dume."

"Ni ya Dume. Niliitwa kwa yule mtoto, nikaisahau mfukoni. Nimeijua tangu Jumatatu ya kwanza. Deo hana kosa. Ni mimi, Bwana Chilewa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, akakohoa tena. Nilingoja anitukane. Ningefurahi.

"Mimi ndiye niliyemteremsha kwenye stendi," akasema. "Sikukagua."

"Usinisaidie."

"Sikusaidii. Nasema lililotokea." Kisha sauti ikabadilika. "Wiki mbili, Sista. Wiki mbili unakuja kukaa hapa, unacheka na mimi habari za Bahi, na hii iko nyumbani kwako."

Niliichukua kotapini, nikaitia mfukoni.

"Deo umemwambia?"

"Bado."

"Basi unafanya nini hapa?" Akageuzia uso ukutani. "Nenda. Na kesho kikaoni usinitaje mimi kwa huruma. Taja kotapini."

Jumatatu, 26 Septemba

Jana hiyohiyo nilimfuata Deo kwake. Hayupo, amekwenda kwa mama yake Kongwa, atarudi kwa basi la asubuhi kuwahi kikao. Kwa hiyo aliyasikia pamoja na wengine wote.

Kikao kilikuwa chini ya bati la wauza nafaka. Shabani alizungumza vizuri. Alieleza zamani tulivyokuwa tunachonga vipuri kwa tupa, na vilidumu, na leo vitu vinamiminika kutoka kila pembe na watu wanaumia. Watu walimwitikia. Hata mimi moyo ulimwitikia, ndiyo shida yake, mengi ya maneno yake ni kweli. Kisha akasema, "Dada yetu Sista Perpetua aliona kwa macho yake."

Nikasimama. Nikataja kotapini. Nikaeleza Jumamosi, mtoto, aproni, na siku zote nilizonyamaza. Nikaomba gurudumu lifunguliwe mbele yao. Wakalileta, Deo akalifungua mwenyewe. Beringi nzima. Zinazunguka bila sauti.

Mwenyekiti akasema tu, "Mama, ungesema mapema." Nikamwomba Deo radhi mbele ya watu. Alijibu, "Yameisha, mama." Lakini hakunitazama, na alipoondoka alikuwa anatembea haraka.

Shabani aliinuka. Alivaa kofia yake akaenda. Nilimwita. Nilimwita mara ya pili kwa jina la utani tulilompa kule Mpwapwa. Hakugeuka. Nimemwaibisha mbele ya watu, yeye aliyekuwa anampigania rafiki yake.

Jumamosi, 15 Oktoba

Chilewa ametoka hospitali. Magongo mawili. Nimekwenda Ipagala, nikasimama mlangoni kama mgeni na kubisha hodi. Mama Neema alifungua. Anajua kila kitu. Alinipa mkono bila kunikumbatia, akanionyesha kiti.

Kitoto Perpetua kimenenepa. Mama yake ameniletea nikibebe. Nilikibeba.

Shabani hakuja. Anakwenda kumwona Chilewa siku ambazo mimi siendi.

Jumamosi, 10 Desemba

Mvua ya pili tangu jana. Vumbi limelala, uani kwa Chilewa kumeanza kuota majani. Chilewa ameniambia nimfungue Dume mzima, nyuma hadi mbele, kilichopinda kinyooshwe. Yeye anakaa kwenye kiti, gongo mapajani, ananielekeza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kushika spana. Kila nikikaza kitu anauliza, "Umekaza?" Kila mara najibu, "Nimekaza." Mwanzo niliona ananiadhibu. Leo nadhani anahitaji kusikia tu.

Deo alikuja kwa miguu kwenye matope, ameleta kioo cha mbele cha mitumba. Akasaidia kukifunga. Hana maneno mengi na mimi. Aliponiomba bisibisi alisema "mama, tafadhali." Imetosha.

Uchungu wangu leo ni Shabani. Kabureta hizi ni yeye wa kuzipuliza. Nilijaribu mwenyewe nikameza petroli. Chilewa alicheka hadi akashika mguu.

Jumamosi, 7 Januari 1995

Nimekwenda kwa Shabani. Nilimkuta anatia viraka tyubu ya baiskeli ya mtu, ndiyo kazi yake sasa. Nikakaa juu ya tairi. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, si kwa ajali, kwa kikao. Ningemfuata nyumbani kabla, angejua cha kufanya.

Aliendelea kusugua tyubu kwa msasa.

"Nilikuwa nimeshasema yote," akasema mwishoni. "Mbele ya soko zima. Halafu ukasimama."

"Najua, kaka."

"Hujui. Watoto wa sokoni wananiita Mzee Beringi."

Nilikaa mpaka akamaliza kiraka. Hakuniambia niondoke. Hakunikaribisha tena pia.

Jumamosi, 11 Machi

Dume amewaka leo. Mara ya tatu ya kukanyaga, akakohoa, akatoa moshi, akatulia. Chilewa alifumba macho kusikiliza. Kisha akaomba apandishwe. Si mbele. Nyuma yangu.

Tulimpandisha mimi, Deo na Mama Neema, mguu mbovu ukitokeza pembeni. Gongo tukalifunga juu ya sanduku. Sikuwahi kumwendesha Dume na mtu nyuma. Nilikuwa na hofu na niliisema wazi. Chilewa akasema na yeye anayo, twende.

Kwenye kona ya kuingia njia ya Bahi alikuwepo Shabani, juu ya pikipiki yake, injini inaunguruma. Sijui nani alimwambia. Alimsalimu Chilewa kwa mbukwa, kwa Kigogo chake kibovu cha siku zote. Mimi alinitazama kidogo. "Ukifika kwenye mchanga, gia ya pili," akasema. Akatangulia.

Pale Kigwe hakuna aliyesimama.

Bahi ni kijani tupu, mpunga umetoa masuke, maji yanameta katikati. Chilewa alikuwa anazungumza njia nzima, mkono mmoja begani kwangu, mwingine unaonyesha huku na huku. Nilisikia ng'ombe, nikasikia mwaka fulani, nikasikia jina la mtu. Mengine yalichukuliwa na upepo. Niliitikia yote.