Pale Mtaro Ulipopinda

Baba,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu, hata Mama ambaye nalala naye chumba kimoja. Siku ile nilipokuletea chakula kule makaburini, nilikukana.

Najua unakumbuka, ndo maana sikuthubutu kukuuliza ulipokuwa hai. Mlikuwa mkichimba mtaro wa waya wa mawasiliano kando ya barabara yetu ya Gando, wewe na vibarua wenzako. Mama alinipa hotipoti ya muhogo na mchuzi wa papa, nikaja nayo na akina Saumu tukitoka skuli. Ulikuwa ndani ya shimo, unaonekana kichwa na mabega tu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Saumu akacheka, "Mize, yule si babako yule, anojizika mwenyewe?" Nami nikasema, "Aka! Kibarua tu yule. Mama kanituma nimpe chakula."

Ulikuwa karibu, Baba. Ulisikia. Ukapokea hotipoti kwa mikono miwili, ukaniambia, "Ahsante, binti. Msalimie mamako."

Binti. Kama mtoto wa watu. Uliusitiri uongo wangu mbele ya wenzangu, na uliporudi nyumbani hukunishitaki. Ulimhadithia Mama habari za mtaro tu: mmekuta makaburi ya zamani, mawe yamezama kwenye majani, na msimamizi anataka mpite hapo hapo. "Kaburi la nani hili?" alikufokea. Ukamjibu, "Sijui la nani. Ila ni la mtu." Basi akakwambia, kama hutaki kupita hapo, mzunguko uuchimbe peke yako. Ukauchimba, ukapita nyuma ya vichaka, ukatokea tena barabarani. "Na chini kule jiwe tupu," ulisema, "waya tumeuzika juujuu." Kisha ukatoa mfukoni kipande cha waya kilichobaki, ndani yake nyuzi za rangi rangi, ukanipa mimi. Mimi niliyekukana saa chache nyuma. "Weye ndo unosoma. Utanambia humu hupita nini."

Sikukwambia. Sikuwa najua, na ile homa iliyokuchukua haikunisubiri nijue.

Sasa najua. Wete kuna mafunzo ya mwanzo ya uhandisi wa mawasiliano kwa vijana waliomaliza skuli. Niliomba kimya kimya, Mama kajua jina lilipotoka. Humo hupita mwanga, Baba. Zile nyuzi ni kioo, nyembamba kama unywele, na mwanga ukiingia upande huu hutokea upande wa pili bila kuvuja njiani. Kwenye daftari nimeiandika sababu yake kwa Kiingereza, maneno marefu, na kwenye jaribio nilipata. Lakini kuelewa nilielewa kwako. Si ulituambia, enzi zako za kuzamia majongoo ya bahari, kwamba ukiwa chini ukatazama juu kwa mshazari huioni mbingu, unaona uso wa maji umegeuka kioo? Ndo hivyo hivyo. Mwanga ukishakuwa ndani, ukagonga ukuta kwa mshazari, haupati pa kutokea. Unarudishwa ndani, unasonga mbele. Nilitaka kunyanyua mkono nimwambie mwalimu wetu, Bi Ramla. Sikunyanyua. Unanijua.

Saumu naye yumo. Siku tulipoanza kuunga nyuzi, tulifundishwa kuzipangusa kwanza kwa spiriti, na yeye akauliza kama udhu wake bado upo, maana adhuhuri imekaribia. Bi Ramla, mtu wa Unguja, hacheki ovyo. Akasema, "Mimi nafundisha kuunga. Udhu kamuulize shehe." Tulicheka mpaka uzi wangu ukakatika.

Jumatatu iliyopita waya wa Gando ukakatika. Bi Ramla akatuchukua sote tukaone mafundi wanavyotafuta. Kuna mashine inayopeleka mwanga ndani ya uzi. Mwanga ukifika palipokatika, sehemu yake hurudi, na mashine ikihesabu muda wa kwenda na kurudi inakwambia ni mita ngapi. Mafundi wakazipima mita zile kwa utepe kando ya barabara, wakachimba. Waya mzima. Wakachimba mbele kidogo. Mzima. Ramani yao ilionesha mstari mnyoofu tu.

"Mashine imezeeka hii," fundi mmoja akasema.

"Mashine, au weye?" mwenzake akamjibu.

Mimi nilikuwa natazama tuliposimama. Makaburi yalikuwa nyuma yetu, na mimi nilijua. Nikisema nitaulizwa nimejuaje, na Saumu yuko bega kwa bega nami. Nikinyamaza watachimba mpaka magharibi, na mzunguko wako hautajulikana na mtu. Nikasema kwa sauti ndogo, hata masikio yangu hayakuisikia vizuri.

"Nani kasema?" Bi Ramla akageuka. "Rudia, mwanangu."

"Mmepita. Waya haukunyooka hapa. Umezunguka makaburi kwa nyuma, mita nyingine zimeishia huko, na kule umezikwa juujuu."

"Weye umejuaje, yakhe?" fundi akaniuliza.

"Baba yangu ndo alochimba."

Nilisema kwa sauti, Baba. Mbele ya mafundi, mbele ya Saumu, na mbele ya mwenye shamba aliyekuja kutazama.

Wakanifuata. Nyuma ya vichaka kulikuwa na mashimo mapya matatu ya migomba. Kwenye la pili ulikuwapo waya, umekatwa na jembe kama muhogo. Mwenye shamba akajishika kichwa: "Wallahi nilidhani mzizi!" Hakuna aliyemlaumu. Angejuaje, na hata ramani haijui?

Saumu alichungulia ndani ya shimo. Kisha akasema polepole, "Kumbe kweli alikuwa babako."

"Ndiye."

"Na mie nikasema anajizika." Akainama, akanishikia taa ya mafundi nione ndani ya shimo.

Bi Ramla alinipa uzi mmoja niuunge mimi. Nikaupangusa, nikaukata, nikauweka kwenye mashine ya kuungia. Wakawasha mwanga mwekundu upande wa Wete, tukasubiri simu. Simu ikalia, fundi aliyekuwa Gando anapiga makelele: "Umefika! Nauona!" Ulifika, Baba. Ulipita nyuma ya makaburi, kwenye mtaro wako.

Halafu Bi Ramla akanikabidhi ramani na penseli nichore ule mzunguko. Nikauchora. Akauliza pahala pale paitwe nini, ili fundi mwingine asipotee. Sikufikiri. Niliandika: Kwa Faki. Jina lako sasa limo kwenye ramani, na akifika mgeni pale atalisoma.

Sikuombi unisamehe. Nadhani ulinisamehe palepale shimoni, na hotipoti mkononi. Nilichotaka ni ujue kwamba nimejibu swali lako, na nimejibu na lile la Saumu. Na nakuahidi hili: popote nitakapoulizwa mimi mtoto wa nani, watanisikia nikijibu kabla hawajamaliza kuuliza. Lala salama, Baba. Mola akuangazie hapo ulipo.

Barua hii nimeiandika siku tatu, na kila Mama akikaribia nimekuwa nikiisukuma chini ya daftari. Alasiri hii nazisikia tena ndara zake uani. Anaburuza ile ya kushoto, unajua. Amepita jikoni. Amefika mlangoni.

Daftari nimelifunga, nimeliweka kando. Karatasi nimeiacha hapa mezani, maandishi juu.