Marehemu Hakatiwi Bima Kubwa

Baba,

Nakusalimu: mwadila. Nimeshindana kwa miaka na swali moja, na ni sasa tu, wakati huwezi tena kunijibu, ndipo nimepata ujasiri wa kukuuliza. Uliikataa bima kubwa ya gari maisha yako yote kwa sababu uliwaamini watu, au kwa sababu hukuwa na uwezo wa kuwatilia shaka, ukaamua kuiita hali hiyo imani? Nauliza kwa adabu. Nilipokuwa chuoni niliwahi kulijibu swali hili kwa haraka, nikajiona nimeelewa. Leo sina haraka hiyo.

Gari lako ninalo mimi. Bado nafundisha Geita, na kila mwisho wa mwezi nashuka nalo hadi Isaka kumwona Mama, kwa ile njia ya Bugarama ambako malori ya mgodi hayampishi mtu na vumbi lake hukulazimisha kuwasha taa mchana. Magoti ya Mama yamechoka, Baba. Gari hili ndilo linalompeleka kliniki Kahama, na likiharibika njiani siku moja, sina namna ya kupata jingine. Kwa hiyo bima yake ilipokaribia kuisha sikuweza kufanya ulivyokuwa ukifanya wewe: kusimama dirishani kwa wakala, kusema “ile ile ndogo,” na kuondoka. Nilitaka kwanza kujua ninanunua nini.

Nilianzia kwa wakala wa pale stendi, dada mchangamfu mwenye meza chini ya mwavuli. Aliangalia kadi ya gari, akaona jina lako, akanitazama usoni. “Pole, Madam. Lakini usihangaike. Nikukatie ndogo kwa jina hili hili la mzee. Trafiki haulizi nani kafa, anauliza bima iko hai?” Alisema hivyo kwa wema, nami karibu nikubali. Bima ndogo humlinda mtu nitakayemgonga pamoja na mali yake, na gari lenyewe huachwa lijitegemee. Ulikuwa ukisema hiyo ndiyo haki: “Nitakayemgonga hakunichagua. Gari nimelichagua mwenyewe.” Sijawahi kupata hoja ya kulipinga neno hilo.

Hata hivyo niliingia katika ofisi ya kampuni moja, kisha nyingine, kuuliza habari za bima kubwa, ile inayolilipia na gari lenyewe. Nilifanya ulivyonifundisha ulipokuwa karani wa mizigo bandari kavu: mtu wa bima usimuulize atalipa nini, muulize hatalipa lini. Katika ofisi ya kwanza hawakupenda swali hilo. Katika ya pili kijana aliyevaa tai alicheka. “Madam, wenzako wanauliza bei. Wewe unauliza tutakukatalia vipi?” Kisha akavuta kiti, akanieleza kwa utulivu: nani akiendesha hawatalipa, gari likibeba nini hawatalipa, na kwamba gari likiteketea nitalipwa thamani yake ya sokoni siku hiyo, siyo thamani iliyomo moyoni mwangu. Nilimpenda kwa hilo la mwisho. Ndipo akageuza kadi.

“Hili ni la marehemu,” alisema. “Marehemu hakatiwi bima kubwa, Mwalimu. Likitokea la kutokea, tutamlipa nani?”

Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari, mikono ikiwa kwenye usukani wako, nisiwashe. Nilikuwa nimekwenda kutafuta bima. Nikarudi na habari kwamba, ili nilinde kilichobaki chako, lazima kwanza niliondoe jina lako.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule ng’ombe. Nilikuwa binti mdogo, tumetoka mnadani, wewe ukiwa umeongeza mwendo kwa sababu ya mawingu. Ng’ombe akakatiza barabara, boneti ikabonyea, naye akavunjika mguu. Mwenye ng’ombe alikuja na fimbo yake, hasira zimemjaa mpaka salamu hakuitikia. Ulimwambia usijali, mzee, gari lina bima, utalipwa. Akakuuliza, “Hiyo bima yako inatoa maziwa?” Watu waliokwisha kukusanyika wakacheka, na wewe ukacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa. Ng’ombe akachinjwa palepale. Kila kaya ya kile kitongoji ikachukua fungu na kulilipia, wenye uwezo na wasio na uwezo, hata bibi mmoja ambaye sidhani kama alikuwa na meno ya kuitafuna ile nyama. Nawe ukachukua fungu lako kama mkaaji wa pale. Jioni mwenye ng’ombe alikuwa na cha kununulia mtamba, na mvua ilipoanza mlikuwa mmekaa kibarazani kwake mkitaniana. Tukiwa njiani uliniambia, “Kabula, umeona? Ile ndiyo bima kubwa.” Boneti hukuinyoosha kamwe.

Niliishi na maneno hayo kama mtu anavyoishi na fundisho la dini. Lakini mimi sikai katika kitongoji kile. Mtaa ninaoishi Geita hubadilika kila inaposikika rashi mpya, kila dhahabu inapoonekana mahali pengine. Jirani niliyemkopesha chumvi juzi leo yuko porini na maturubai yake, na aliyekuja badala yake bado hajui jina langu. Nikigonga ng’ombe huko, nani atakuja kuchukua fungu? Labda wangekuja. Sijawajaribu, na ni rahisi kuwahukumu watu ambao hujawahi kuwaomba kitu.

Nilimweleza Mama habari ya jina. Aliendelea kuchambua mchicha, kisha akasema, “Ng’wana wane, mkimtoa kwenye gari, atabaki wapi?” Nilimgeuzia swali langu hili la imani. Alinitazama kana kwamba elimu yote ile ilikuwa hasara. “Imani gani? Baba Kabula alikuwa bahili!” Akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Ndugu zangu waliridhia, mahakama ilikwisha kunithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi, na taratibu zikafuatwa. Kadi ya gari sasa ina jina langu. Bima kubwa nimekata. Mkaguzi wa kampuni alilizunguka gari, akapiga picha, akafika kwenye boneti, akapapasa palipobonyea. “Hii ya zamani,” alisema. “Haitahusika. Tunaiandika kuwa ilikuwepo.” Nilimwomba arudie, si kwa kuwa sikusikia. Kila sehemu ya gari hilo sasa iko chini ya mkataba wangu, isipokuwa alama ya ng’ombe yule. Hiyo imebaki yako.

Nirudi kwenye swali. Unajua ulivyowagawa ng’ombe wako katika maboma ya watu, huyu kwa rafiki, yule kwa shemeji, ili ugonjwa au wezi wasikumalize kwa mara moja. Mtu anayefanya hivyo si mtu asiyehofia kesho. Tulipokaa matanga walikuja mmoja mmoja, bila kuitwa, kila mmoja akisema mbele ya watu, “Ninaye ng’ombe wa marehemu, na ameshazaa.” Nililia kwa fahari. Nikasema moyoni, jibu ndilo hili, Baba alikuwa sahihi.

Baadaye ndipo shaka ilipoingia, na haijatoka. Waliokuja niliwaona. Wasiokuja, kama wapo, nitawajuaje? Aliyejua ng’ombe wote walikokuwa ni wewe peke yako, na hatukukuuliza, kwa kuwa kumuuliza mgonjwa mali yake iko wapi ni kumwambia afe. Kwa hiyo ninaupima uaminifu wa watu kwa wale tu waliokuwa waaminifu, na najua kipimo hicho hakifai. Huenda walikuja wote. Huenda wapo ambao wamenyamaza mpaka leo. Na huenda hata wewe ulijua kwamba wengine wangenyamaza, ukawapa vivyo hivyo. Hilo la mwisho ndilo ninalotamani liwe kweli, na ndiyo sababu ninaliogopa kuliko yote.

Nakuahidi jambo moja ambalo halitegemei jibu. Nikigonga ng’ombe wa mtu, nitasimama. Nitasalimia hata nisipoitikiwa. Nitapiga simu ya bima kama mkataba unavyotaka, kisha nitakaa hapo hapo na kungoja fungu langu la nyama.

Boneti sitainyoosha. Wabeja, asante, Baba. Lala.

Mwanao,
Kabula