Keki ya Boga kwa Mchumba wa Hamisi

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesaga masala ya pilau tangu alfajiri, ya wateja wa mjini. Mashine inanguruma, majirani wa hapa Queensburgh wananuna. Wanune. Huku kusini Aprili ndiyo baridi inaanza kuingia. Nimefunga, nataka kumaliza siku zangu sita za sunna za Shawwal.

Hamisi kapiga simu. Mwanangu wa pekee. Jumapili anamleta tena yule Furaha, Mkongo anayesuka nywele saluni mjini, anakaa na mama yake Isipingo. Mara ya kwanza alitutengenezea chai, nikamwambia ni maji ya kuoshea vikombe. Ilikuwa kweli. Hamisi hajasahau. Anasema hii ni nafasi ya mwisho: nikimdharau tena, posa itapelekwa na baba yake mdogo, na mimi nitasikia kwa watu. Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananipa masharti!

Jumatano, 9 Aprili

Hamisi katuma picha. Furaha kaoka keki ya boga na viungo, eti ya msimu huu wa majani kuanguka. Imepasuka katikati kama kisigino chenye gaga. Na nyuma yake nimeona paketi. Viungo vya paketi! Nimecheka peke yangu jikoni.

Sawa. Jumapili atakula keki ya boga ya mtu anayejua.

Ijumaa, 11 Aprili

Boga nimepata, jekundu ndani, zito. Wiki nzima nasaga, hata nguo zangu zinanuka masala. Hamisi aliwahi kuniletea vikaratasi vya kubandika kwenye makopo, niandike hili la pilau, hili la keki. Nilivitupa. Mtu wa Tanga hasomi viungo, ananusa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeoka. Boga nimelichemsha, nikaliponda, nikalichuja maji. Mafuta, si siagi. Siagi inakausha keki, wapishi wa paketi hawajui. Mayai manne. Sukari ya kahawia. Viungo vijiko viwili vilivyojaa, kutoka kopo langu. Sikuonja, nimefunga. Sihitaji kuonja, nimeoka keki kabla huyo binti hajazaliwa.

Imeumuka vizuri, juu haina ufa hata mmoja. Nimeifunga kwa kitambaa ikiwa na joto ili ilale na unyevu wake. Kisu hakipiti mpaka mgeni afike.

Jumapili, 13 Aprili

Wamekuja saa tisa. Leo ndiyo siku yangu ya sita, kwa hiyo niliwakatia wao tu, nikakaa kuangalia. Hamisi kauma mara moja, kaweka chini. Eti kashiba. Alitaka kusema neno, akaguna. Lakini Furaha! Kala kipande chote. Kaomba cha pili. Anameza haraka haraka na chai, macho yanamtoka. Mlafi. Nikajizuia. Nikajizuia tena. Halafu nikasema: polepole, binti, kwani huko mlikokimbia vita mlikuwa hamli?

Kaweka uma chini. Akasema, "Pardon mama, iko muzuri sana." Hamisi kachukua funguo za gari. Hawakuaga.

Baadaye, baada ya magharibi

Nimefungua kwa tende, maji, na kipande cha keki.

Nimetema. Bizari nyembamba. Pilipili manga. Ni masala ya pilau, vijiko viwili vilivyojaa. Nimenusa kopo moja, nimenusa la pili. Sisikii harufu yoyote. Wiki nzima ya kusaga, pua imekufa na mimi najisifu.

Vipande viwili kala yule mtoto.

Jumatatu, 14 Aprili

Hamisi hapokei simu. Keki nimetupa. Sijasaga kitu.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepanda taksi hadi mjini. Saluni ina viti vitatu, nimekaa kwenye benchi na kungoja zamu kama mteja yeyote. Furaha kaniamkia, "Shikamoo mama," kama hakuna kilichotokea. Nimevua mtandio. Nikamwambia, nisuke unavyotaka wewe.

Alipofika nyuma ya kichwa, ambako sikuweza kumwona uso, nikauliza kwa nini alikula.

Akasema nilikuwa nimefunga, nimesimama siku nzima kwa ajili yao. Hamisi alitaka kuniambia pale pale. Yeye alimkanyaga mguu chini ya meza.

Nikasema nimekosa. Nikasema tena, kwa sauti, wenzake wasikie. Aliendelea kusuka.

Halafu nikamuuliza mama yake anakaa mtaa gani kule Isipingo, na ni siku gani anaweza kunipokea na posa.

Mikono ikasimama kichwani mwangu.