Gunia Lililobaki Mbele ya Madhabahu

Michenga,
Jumapili jioni

Mayu, mama yangu, shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mguu umepungua uvimbe na unafika kisimani bila mkongojo. Sisi huku tu wazima, watoto wanakula na kukua, na mpunga umeshavunwa. Nawe Neema unayemsomea bibi yako, soma taratibu, wala usiruke mahali kwa kumwonea mjomba wako huruma. Sikupiga simu kwa sababu neno hili si la kukatika katikati.

Mayu, nilikuficha jambo. Kila ulipouliza, "Kulwa hajambo?" nilijibu hajambo, na wala sikuwa nimemwona. Tangu mpunga ulipoanza kuchanua sikusemezana na pacha wangu, na kinachotutenganisha ni mfereji mmoja tu.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja nilikuta ng'ombe wake wametoroka zizini, wamelala juu ya mpunga wangu kama wako kwao. Hasira ikanipanda. Msukuma anajua la kufanya: unawarudisha ng'ombe kwa mwenyewe, mnakaa, mnaongea, hata kwa kugombana. Mimi niliwapeleka kwenye zizi la kijiji. Tena sikuwaswaga kwa fimbo, Mayu. Niliwapigia ule mluzi wa marehemu baba wa kuwaita ng'ombe wakanywe maji, wakanifuata mmoja mmoja hadi ndani, nikafunga lango. Walikaa siku mbili bila maji, maana kila mtu alidhani mwenzake kawanywesha. Yule mwekundu akafa, uzao wa mtamba uliyetupatia tulipohamia huku.

Kulwa alikuja akasimama mlangoni kwangu, majirani wakisikia. "Kwa habari ya mpunga ningekuelewa," akasema. "Lakini mluzi wa baba umeufanya mtego! Nikifa, Doto, usije kunizika."

Unajua kwetu neno hilo lina uzito gani. Mimi nilikonda, ila kiburi changu hakikukonda. Wiki zikapita.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya sadaka ya mavuno. Nilipeleka gunia la mpunga, vijana wawili wakalishusha mbele ya madhabahu, nami nikavimba kichwa kwa kuwa lilikuwa kubwa kuliko yote. Zamu ya kusoma neno ilikuwa yangu, na kwa uvivu sikuwa nimelipitia nyumbani. Nafungua Mathayo, nakuta pale mtu mwenye sadaka anapoambiwa kwamba akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache hapo hapo, akapatane naye kwanza. Shemeji, mke wa Kulwa, alikuwa benchi la mbele, ananitazama usoni. Nilifunga kitabu nikamwambia mchungaji, "Gunia langu msiliguse," nikatoka na viatu vyangu vya kanisani hadi ng'ambo ya mfereji.

Kulwa alikuwa zizini anamtoa ndama kupe. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka," maana alinitangulia kuzaliwa hata kama ni kwa dakika chache. Akanipa mgongo. Nikapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe.

"Kaka, nimekosa. Acha habari ya mpunga. Nimekosa kwa mluzi."

Aliendelea kutafuta kupe. Mwishowe akasema, "Nenda. Suruali yako inachafuka."

Akamgeuza ndama upande wa pili.

Wiki nzima gunia lilikaa pale. Wanakwaya walilizunguka wakifanya mazoezi, na maneno yakaanza kwamba Doto analeta mzaha kanisani. Jumatano mchungaji aliniuliza, nikamwomba angoje. Chakula kilinishinda. Nilikuwa naogopa, Mayu. Niliogopa lile neno la mazishi lisije likatimia ungali hai, wewe uliyetubeba tumbo moja.

Leo, katikati ya maombi, nikasikia mluzi nje. Ule wa baba. Kanisa zima likafumbua macho. Kulwa haingii kanisani, unamjua. Niliinuka nikatoka kama ng'ombe aliyeitwa majini. Alikuwa amesimama uani, fimbo mabegani, haniangalii.

"Lile neno la kuzikana nimelirudisha," akasema kwa sauti, ili walioko ndani wasikie. Kisha akashusha fimbo. "Mke wangu anasema gunia lako linaziba njia ya watu."

"Linaziba kweli," nikasema. "Peke yangu silinyanyui."

Akavua kofia, akaingia hadi mbele, akalipima kwa macho. "Haya, shika huko."

Nililia kama mtoto, Mayu, mbele za watu, na sioni aibu kukuandikia.

Msalimie shangazi Mbuke aliyekusaidia kutulea, umwambie asamehe ukimya wangu. Msalimie dada, mama yake Neema, na mjomba fundi baiskeli. Shemeji yupo hapa kwangu anapakua wali, anakuamkia. Pembeni yangu kuna mtu anayedai naandika polepole, naye ameomba jina lake litangulie, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Neema, kabla hujasoma majina haya, mtazame bibi yako usoni.

Wanao,
Kulwa na Doto